Neno Ambalo Wamarekani Hawakuliandika

Wengi wetu twalijua jina la merikani. Ndiyo ile nguo nyeupe ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi, ambayo wazee wetu waliivaa, wakainunulia pembe, na wapagazi wakaichukua majora kwa majora mabegani mwao toka pwani hata Unyanyembe na Ujiji. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said, aliyetawala Maskati na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Bwana Richard Waters wa mji wa Salem, akaja kukaa Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo, zikarudi na pembe, sandarusi na ngozi.

Ni wachache waliouliza pamba ya nguo ile ililimwa na nani. Ilifumwa upande wa kaskazini, katika viwanda vya Massachusetts, na watu huru waliolipwa mshahara. Lakini pamba yenyewe ililimwa kusini na watumwa, watu ambao babu zao walitolewa Afrika kwa minyororo. Basi doti ya merikani iliyotolewa huku bara kununulia pembe, na pengine kununulia mtu, ilikuwa imekwisha kulowa jasho la mtumwa kabla haijapakiwa merikebuni.

Nimeanza na nguo, lakini nia yangu ni kueleza maneno ya serikali ya Marekani tunayoyasikia kila mara katika habari: katiba, Kongresi, Seneti, kura za wajumbe, turufu, Mahakama Kuu. Mwalimu aweza kuyaandika ubaoni na kuyafasiri moja moja, na wanafunzi wakayasahau kabla kengele haijalia. Mimi naona mtu atayashika vema zaidi akilifuata neno jingine, ambalo katika katiba ile halikuandikwa hata mara moja kwa muda wa miaka 78. Neno hilo ni mtumwa.

Tarehe 4 Julai mwaka 1776 makoloni 13 ya Waingereza yaliyokuwa katika pwani ya mashariki ya Amerika yalitangaza ya kuwa yamejitoa katika utawala wa Mfalme George wa Tatu. Aliyeandika tangazo lile ni Thomas Jefferson wa Virginia. Humo alinena ya kuwa watu wote wameumbwa sawa, na ya kuwa Muumba wao amewapa haki ambazo hapana awezaye kuwanyang'anya. Mtu huyu katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Msomaji asidhani kwamba hakuiona hitilafu hiyo. Aliiona, akaiandika kwa mkono wake, akafa mwaka 1826 angali na watumwa.

Vita vilipokwisha kila koloni lilijiona kuwa nchi kamili. Sisi twasema "jimbo", lakini katika lugha yao neno hilo ni lile lile la dola, na asiyelikumbuka jambo hili hawezi kuwafahamu Wamarekani. Mapatano yao ya kwanza, yaliyothibitishwa mwaka 1781, yalikuwa kama mapatano ya majirani. Kulikuwa na Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe, na kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja. Lakini Kongresi haikuweza kutoza kodi. Iliomba tu, na majimbo yakatoa yalipopenda. Hapakuwa na Rais wa nchi nzima wala mahakama ya nchi nzima. Na kulibadili neno moja la mapatano yale kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Askari waliopigana vitani hawakulipwa haki yao. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni walishika bunduki chini ya Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita, wakazifunga mahakama ili mashamba yao yasiuzwe. Wenye mali wakaogopa, nao wenye busara wakaona ya kuwa nyumba isiyo na nguzo ya kati haitasimama.

Basi mwezi wa Mei mwaka 1787 wakakutana wajumbe katika mji wa Philadelphia. Waliohudhuria kwa jumla walikuwa 55, nao walitoka majimbo 12, kwa maana Rhode Island ilikataa kupeleka mtu. George Washington, aliyekuwa jemadari wa vita, aliketi kitini. Benjamin Franklin alikuwa mzee wa miaka 81. Palikuwa na James Madison wa Virginia, mtu mdogo wa mwili, aliyeketi mbele kila siku akaandika kila mtu alilosema. Daftari lake halikupigwa chapa mpaka mwaka 1840, naye amekwisha kufa. Majira yalikuwa ya joto, lakini madirisha yalifungwa na walinzi wakawekwa mlangoni ili habari isitoke nje.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa kati ya majimbo makubwa na madogo. Makubwa yalisema: Wawakilishi wahesabiwe kwa wingi wa watu. Madogo yakasema: La, mtatumeza, kila jimbo liwe na kura moja kama zamani. Walishindana majuma mengi, hata walikaribia kuvunja mkutano. Tarehe 16 Julai wakapatana kwa shauri la watu wa Connecticut, na shauri lile lingaliko mpaka leo. Kongresi ikagawanywa mabaraza mawili. Katika Baraza la Wawakilishi kila jimbo hupata watu kwa kadiri ya wingi wake. Katika Seneti kila jimbo hupata watu wawili tu, liwe kubwa au dogo. Sheria haiwi sheria mpaka mabaraza yote mawili yameikubali. Ndiyo sababu jimbo la Wyoming, ambalo katika hesabu ya mwaka 2020 halikufika watu 600,000, lina masenata wawili, na California yenye watu zaidi ya 39,000,000 katika hesabu ile ile ina wawili vile vile. Mtu anayestaajabu kwa nini jambo fulani lipendwalo na Wamarekani wengi halipiti katika Seneti, na aikumbuke hesabu hii.

Lakini kuhesabu watu kulileta ugomvi wa pili, nao ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Nani ni mtu wa kuhesabiwa? Virginia peke yake ilikuwa na watumwa zaidi ya 290,000. Mabwana wa kusini, ambao nyumbani waliwauza watumwa kama ng'ombe, sasa walisimama mkutanoni wakasema wahesabiwe kama watu, ili kusini ipate Wawakilishi wengi. Gouverneur Morris wa Pennsylvania akawauliza swali ambalo hawakuweza kulijibu. Ikiwa hawa ni watu, wafanyeni raia wapige kura. Ikiwa ni mali, kwa nini mali nyingine yote isihesabiwe?

Hawakujibu, wakapatana. Wakakata shauri ya kuwa watumwa watahesabiwa sehemu tatu katika tano, yaani watumwa watano wawe kama watu watatu. Wako wanaosema ya kuwa katiba ilimhesabu kila Mwafrika kuwa chini ya mtu mzima. Sivyo hasa, kwa maana Mwafrika aliyekuwa huru alihesabiwa mzima. Na tena jambo lenyewe lilikuwa baya kuliko wasemavyo. Mtumwa hakupewa sehemu tatu za kura. Hakupewa hata sehemu moja. Hesabu yake iliongeza nguvu za yule aliyemfunga. Ingalikuwa heri kwake kama asingalihesabiwa kabisa.

Sasa angalieni jinsi walivyoiandika. Walitaja kwanza watu huru, kisha wakaandika sehemu tatu katika tano za "watu wengine wote". Basi, hivyo tu. Mahali pengine wakaandika kwamba Kongresi isikataze kuingizwa kwa "watu" ambao majimbo yataona vema kuwapokea, mpaka mwaka 1808. Maana yake biashara ya watumwa kutoka Afrika isiguswe kwa miaka 20. Mahali pa tatu wakaandika habari za "mtu" aliyefungwa na utumishi katika jimbo moja akakimbilia jingine, ya kwamba lazima arudishwe. Maana yake mtumwa aliyetoroka. Mambo matatu hayo yote ni ya utumwa, na neno lenyewe halimo. Madison aliandika katika daftari lake sababu: aliona si vema kukubali katika katiba wazo la kwamba mtu aweza kuwa mali. Walifanya kama mtu mwenye deni la aibu, ambaye mbele za wageni humwita mdai wake "yule rafiki yangu".

Mmoja tu wa Virginia alisema kwa sauti kuu. Alikuwa George Mason, naye mwenyewe alikuwa na watumwa wengi. Alinena ya kuwa utumwa huleta hukumu ya mbinguni juu ya nchi. Kwa kuwa mataifa hayawezi kuadhibiwa katika ulimwengu ujao, hayana budi kuadhibiwa katika huu. Mwishoni alikataa kutia sahihi, kwa sababu hiyo na kwa nyingine. Walakini watumwa wake hakuwaacha huru, wala katika wasia wake. Nalitaja hili si kwa kumdharau, bali kwa sababu ndivyo watu walivyo.

Tarehe 17 Septemba watu 39 walitia sahihi zao. Majimbo tisa yalitakiwa kukubali ndipo katiba ianze, na la tisa, New Hampshire, lilikubali mwezi wa Juni mwaka 1788. Watu wengi walilalamika ya kuwa katiba haikutaja haki za raia, na hivyo mwaka 1791 zikaongezwa ibara kumi: uhuru wa dini, wa kusema, wa kuandika, wa kukusanyika, haki ya kuhukumiwa mbele ya baraza la raia, na nyinginezo. Kumbukeni hasa haki moja katika hizo, ya kila mtu kuipelekea serikali ombi lake. Tutarudi kwake.

Jambo la Rais lina kichekesho chake. Washington alipochaguliwa mwaka 1789 Seneti ilikaa siku nyingi ikitafuta namna ya kumwita. Kamati yake ikataka aitwe Mtukufu, Rais wa Marekani na Mlinzi wa Uhuru wao. Baraza la Wawakilishi likakataa, likasema aitwe Rais wa Marekani, basi. Na kwa kweli katika lugha yao neno hilo lilikuwa dogo wakati ule. Ni mtu anayeketi mbele ya mkutano tu, kama mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika. Cheo ndicho kilicholikuza jina.

Katika kutunga sheria Rais ana nguvu moja kubwa: akiletewa sheria asiyoipenda aweza kuikataa na kuirudisha. Kwa Kiswahili watu wameiita kura ya turufu, neno lililotoka katika mchezo wa karata. Wazee wa kanisa watanisamehe, kwani sina jingine lifahamikalo zaidi. Lakini turufu ya Rais yaweza kuliwa, ikiwa theluthi mbili za kila baraza zikikubali sheria ile mara ya pili.

Naye hachaguliwi moja kwa moja na watu. Kila jimbo hupewa wajumbe wateuzi, hesabu yao ikiwa sawa na Wawakilishi wake pamoja na masenata wake, na wajumbe hao ndio humchagua Rais. Siku hizi jumla yao ni 538, na mwenye kushinda hana budi kupata 270. Majimbo karibu yote humpa kura zake zote yule aliyeongoza katika jimbo, hata kama ameongoza kwa watu wachache. Kwa hiyo mtu aweza kupata kura nyingi za watu na asiwe Rais, kama ilivyokuwa mwaka 1876, 1888, 2000 na 2016. Mageni hayo yote wengi wanayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba watumwa waliingia katika hesabu hiyo nayo, kwa kuwa Wawakilishi walihesabiwa pamoja na "watu wengine wote". Tazameni matunda yake. Katika miaka 36 ya kwanza, tangu 1789 hata 1825, kiti cha Rais kilikaliwa na watu wa Virginia kwa miaka 32: Washington, Jefferson, Madison na Monroe, kila mmoja miaka minane. John Adams wa Massachusetts alikaa minne tu, akashindwa na Jefferson katika uchaguzi wa mwaka 1800 kwa wajumbe 73 juu ya 65. Waandishi wengi wa historia wahesabu ya kuwa kama watumwa wasingalitiwa katika hesabu, Adams angalishinda. Basi watumwa ambao hawakuwa na ruhusa hata ya kutoka shambani jioni walimpa mtu kiti cha Rais, wasijue.

Mwaka 1808 ulipofika biashara ya kuwaleta watumwa toka ng'ambo ilikatazwa kwa sheria. Lakini ndani ya nchi iliendelea. Tangu Eli Whitney alipobuni mwaka 1793 mashine ya kutoa mbegu katika pamba, shamba la pamba lilikuwa shamba la dhahabu. Watumwa walikuwa karibu 700,000 mwaka 1790. Mwaka 1860 walikuwa karibu 4,000,000. Nazo ndizo siku za merikani yetu.

Watu wa kaskazini waliouchukia utumwa, na wengi wao walikuwa Wakristo, wanawake kwa wanaume, walianza kuipelekea Kongresi maombi kwa maelfu. Hapo ndipo haki niliyowaambia mkumbuke ilipojaribiwa. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi likafanya kanuni ya kwamba kila ombi lihusulo utumwa liwekwe kando, lisisomwe wala kujadiliwa. Neno lililofichwa katika katiba sasa likakatazwa kinywani. Aliyeipinga kanuni hiyo ni John Quincy Adams, mwana wa yule Adams, ambaye mwenyewe alikuwa Rais zamani, naye katika uzee wake alikubali kurudi barazani kama Mwakilishi wa kawaida. Alisimama kila mara na maombi mkononi, wakampigia kelele, wakataka kumkaripia rasmi, akasimama tena. Kanuni ile ilifutwa mwezi wa Desemba mwaka 1844. Mimi katika habari zote za Marekani sioni inayonipendeza kuliko hii ya mzee aliyeshuka cheo apate kusema.

Katika Seneti mambo yalikuwa ya mizani. Kila jimbo jipya lilipoingia, walitazama kama ni la watumwa au la watu huru, ili pande mbili zisizidiane. Mwaka 1820 Missouri iliingizwa ikiwa na watumwa, na Maine pasipo watumwa, na mstari ukapigwa katika ramani. Mwaka 1854 wakalivunja patano hilo, na watu wakaanza kuuana katika Kansas.

Ndipo shauri likafika Mahakama Kuu. Mahakama hii ina majaji tisa siku hizi. Rais huwateua, Seneti huwakubali, nao hukaa maisha yao yote wasipokosa. Tangu hukumu ya Jaji John Marshall ya mwaka 1803 imeshika mamlaka ya kuitazama sheria ya Kongresi na kusema: Hii haipatani na katiba, basi si sheria. Jambo hilo halikuandikwa wazi katika katiba, lakini limekuwa nguzo. Palikuwa na mtumwa jina lake Dred Scott, ambaye bwana wake alimchukua akakaa naye Illinois na nchi za kaskazini, mahali ambapo utumwa ulikatazwa, kisha akamrudisha Missouri. Mwaka 1846 Scott na mkewe Harriet walifanya mashtaka, wakidai uhuru wao. Kesi ilichukua miaka 11. Mwezi wa Machi mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney akasoma hukumu, majaji saba juu ya wawili: ya kwamba watu weusi, hata walio huru, hawawezi kuwa raia wa Marekani, kwa hiyo Scott hana ruhusa hata ya kushtaki, na tena Kongresi haina uwezo wa kukataza utumwa katika nchi mpya, kwa sababu katiba inamlinda mwenye mali katika mali yake. Scott mwenyewe aliachwa huru na mabwana wapya mwaka ule ule, akafa mwaka 1858.

Wapinzani wa utumwa walikuwa wamegawanyika juu ya katiba. William Lloyd Garrison, mwenye gazeti la kupinga utumwa, aliichoma moto mbele ya mkutano tarehe 4 Julai mwaka 1854, akiifananisha na lile agano baya alilolikemea nabii Isaya katika sura ya 28. Lakini Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika Maryland akatoroka, na kwa muda mrefu alifuata maoni ya Garrison, aligeuka mwaka 1851. Alisoma katiba upya mwenyewe, akaona ya kuwa karatasi isiyolitaja neno la utumwa yaweza kusomwa kuwa karatasi ya uhuru. Abraham Lincoln, wakili wa Illinois, alishika njia iliyo karibu na hiyo. Mwaka 1854 huko Peoria alisema kwamba waliotunga katiba walilificha neno kama mgonjwa afichavyo uvimbe, asiyethubutu kuukata mara moja asije akafa kwa kutoka damu, lakini ameahidi kuukata kwa wakati wake. Na mwezi wa Februari mwaka 1860 katika mji wa New York alimjibu Taney: Jaji amesema katiba yathibitisha wazi haki ya kumiliki mtumwa, na tuitazame basi. Neno mtumwa halimo. Neno utumwa halimo. Kimya cha mwaka 1787, kilichokuwa aibu, sasa kikawa silaha mkononi mwake.

Mwezi wa Novemba mwaka huo Lincoln alipata wajumbe 180 kati ya 303, ingawa katika kila watu kumi waliopiga kura ni wanne tu waliomchagua. South Carolina ikajitoa katika muungano tarehe 20 Desemba, na nyingine zikaifuata hata zikawa 11. Majimbo yaliyojitoa yakaandika katiba yao wenyewe mwaka 1861, karibu neno kwa neno kama ile ya zamani. Lakini palipokuwa na kimya wao waliandika wazi kabisa: watumwa. Hawakuona haya tena.

Vita vilianza Aprili mwaka 1861, vikadumu miaka minne, wakafa watu zaidi ya 600,000. Habari yake ilifika hata Unguja, kwa maana merikani iliadimika sokoni na nguo za Waingereza na za Bara Hindi zikachukua mahali pake. Tarehe 1 Januari mwaka 1863 Lincoln alitangaza kuwa huru watumwa waliokuwa katika nchi za waasi. Lakini aliitoa amri hiyo kama jemadari wa vita, wala haikuwagusa watumwa wa majimbo yaliyobaki upande wake. Alijua ya kuwa vita vikiisha mahakama zaweza kuifuta. Ilimpasa kuibadili katiba yenyewe.

Kuibadili si kazi nyepesi, na walikusudia isiwe nyepesi. Theluthi mbili za kila baraza hazina budi kukubali, kisha robo tatu za majimbo. Seneti ilikubali mwezi wa Aprili mwaka 1864. Baraza la Wawakilishi lilikataa mara ya kwanza. Tarehe 31 Januari mwaka 1865 wakapiga kura tena, na Waafrika walio huru wamekaa roshanini wakitazama. Waliokubali walikuwa 119, waliokataa 56. Kura mbili tu zilizidi zile zilizotakiwa. Watu wazima walilia na kukumbatiana. Lincoln hakuona mwisho wake. Alipigwa risasi siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili, akafa kesho yake. Jimbo la 27 kati ya 36 lilikubali tarehe 6 Desemba. Hivyo Rekebisho la 13 likaingia, na ndani yake neno utumwa likaandikwa katika katiba ya Marekani kwa mara ya kwanza, ili ikatazwe.

Hata hivyo liliacha mlango mmoja: isipokuwa kwa adhabu ya kosa. Mabwana wa kusini waliuona mlango huo upesi. Mtu mweusi asiye na kazi alikamatwa kwa kosa la kuzurura, akahukumiwa, akakodishwa shambani kama mfungwa. Nasi tusiwacheke. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa haikufutwa na sheria huko mpaka mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909.

Rais aliyemfuata Lincoln, Andrew Johnson, alitumia turufu juu ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1866; Kongresi ikaila turufu yake. Walipozidi kugombana, mwaka 1868 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki mbele ya Seneti, maana ndivyo Rais anavyoshtakiwa: Wawakilishi ndio waletao mashtaka, masenata ndio waamuzi, nao theluthi mbili wakimwona ana hatia huondolewa. Masenata 35 walimhukumu, 19 wakamwachilia. Ilipungua kura moja tu, akamaliza muda wake. Rekebisho la 14 la mwaka 1868 lilimfanya kila aliyezaliwa nchini kuwa raia, likaifuta hukumu ya Taney na ile hesabu ya sehemu tatu katika tano. La 15 la mwaka 1870 lilikataza kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake. Lakini kwa kodi, na mitihani ya kusoma, na vitisho, kusini iliwanyima kura karibu miaka mia. Katika Seneti ilikuwako desturi ya kuliziba shauri kwa kusema pasipo kuacha; mwaka 1957 Senata Strom Thurmond alisema kwa saa zaidi ya 24 ili kuizuia sheria ya haki za raia. Sheria iliyolinda kura yao kwa nguvu ilitiwa sahihi mwezi wa Agosti mwaka 1965.

Tarehe 20 Januari mwaka 2009 Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kogelo katika Kenya, aliapa kuwa Rais akiweka mkono juu ya Biblia ile ile aliyoapia Lincoln mwaka 1861. Yeye kwa upande wa baba yake hakutoka katika ukoo wa watumwa wa Marekani, lakini mkewe Michelle, aliyeishika Biblia hiyo, alitoka katika ukoo huo.

Na jimbo la Mississippi, lililolikataa Rekebisho la 13 mwaka 1865, halikulikubali mpaka mwaka 1995, ingawa kukubali kwake hakukuwa na kazi tena.

Katiba yenyewe imehifadhiwa katika mji wa Washington, kurasa nne za ngozi zilizoandikwa kwa wino mwaka 1787. Desturi ya Wamarekani si kukwangua yaliyofutwa. Huyaacha yalivyo, wakaongeza mapya mwishoni. Kwa hiyo mwanafunzi wao anayeisoma leo hukutana kwanza na wale "watu wengine wote", wangali pale pale katika ibara ya kwanza, kisha husoma ibara zote saba na marekebisho 12 ndipo alione neno lenyewe.